Hati Ninayo, Wallahi: Mwongozo wa Mgeni Anayetafuta Kiwanja Mjambere

Mgeni anayekuja Mjambere, huku Kisauni, Mombasa, kutafuta kiwanja hana haja ya kujitangaza. Atajulikana. Mwenyeji wa Kisauni hutembea akitazama chini, asije akakanyaga maji ya kufulia; mgeni hutembea akitazama juu, akihesabu nyaya za stima. Akifika kwa mama wa mbaazi atauliza swali ambalo mla mbaazi haliulizi: mama, maji huku hutoka siku gani? Hajamaliza hamri la pili, dalali keshafika, kavuta kibao, kamwita "bosi", na kamlipia chai.

Mwongozo huu ni wa mgeni huyo. Bei haumfundishi, kwani bei atatajiwa na kila mtu, na kila mtu atataja yake. Unamfundisha kusikiliza. Kisauni, sawa na Likoni na Changamwe, kiwanja huuzwa kwanza kwa maneno, kisha kwa karatasi, na mara nyingi huuzwa tena upya mahakamani, na katika hatua zote hizo kuna maneno yanayojifanya ushahidi. Kanuni ya kushika ni moja tu: jinsi neno linavyotamkwa kwa nguvu ndivyo lilivyokosa cha kulishikilia.

Tuanze na "bila shaka". Dalali akikwambia kiwanja ni cha mzee fulani bila shaka, elewa kwamba shaka ipo na yeye keshaiona. Hakuna mtu anayetoka msikitini akasema leo bila shaka ni Ijumaa. Ndugu zake neno hili ni "mia kwa mia", "klini kabisa" na "hakuna longolongo". Likitajwa la mwisho, uliza kwa upole longolongo yenyewe ilianza mwaka gani.

"Wallahi" inataka uangalifu zaidi, kwa sababu mgeni huona haya kumtilia shaka mtu aliyemtaja Mungu. Asione haya. Sheria ya Kiislamu iligawa kazi hizi zamani sana: mwenye kudai alete ushahidi, mwenye kukana ndiye aape. Kwa hivyo muuzaji anayekuapia kuwa ardhi ni yake amekwenda kukaa kiti cha mshtakiwa kabla hajashtakiwa na mtu. Sheria ya Ushahidi ya Kenya nayo, katika kifungu cha 107, inamtaka anayetegemea jambo alithibitishe mwenyewe. Kadhi na hakimu hutofautiana kwa mengi, lakini hapa wamekaa mkeka mmoja. Ukiapiwa, sema: "Shekhe, kiapo tukiweke, tuitieni mashahidi." Akinuna, umeshaokoa pesa.

Sasa tuje kwenye neno lililokula fedha za watu kuliko yote hayo, nalo ni dogo mno, halina kiapo wala mbwembwe: "chake".

Mtu wa kutoka juu, akiambiwa nyumba ile ni ya Mwanaisha, hufahamu kuwa na ardhi ni ya Mwanaisha. Mombasa si lazima. Tangu enzi za mkoloni mji huu umeishi na utaratibu wa nyumba bila ardhi. Mwenye shamba humruhusu mtu kujenga. Mtu hujenga nyumba yake ya Kiswahili, zamani ya udongo na makuti, leo ya matofali na mabati. Halafu hulipa kodi ya pale mahali alipoikalisha. Nyumba ni yake kwelikweli. Ataiuza, ataipangisha chumba kwa chumba, ataiacha kwa wanawe, nao wanawe wataigombania kwa Kadhi. Ardhi iliyo chini ya msingi ni ya mtu mwingine, ambaye pengine huletewa kodi yake na wakala na hajui kama mtaa siku hizi una lami.

Ongeza miti. Pwani hii ina desturi ya zamani ya kuutenga mti na ardhi uliposimama, hata mnazi ukaweza kuwekwa rehani, kurithiwa au kuuzwa na ardhi isiguswe. Kwa hivyo ndani ya kiwanja kimoja cha futi 40 kwa 80 wanaweza kusimama watu watatu, huyu kaegemea nyumba, huyu kaushika mnazi, huyu kashika bahasha ya hati, wote wakasema "changu", na asiwepo mwongo hata mmoja. Dalali anapokwambia "mwenyewe ndiye anayeuza" huenda anasema kweli tupu. Hukumuuliza mwenyewe wa nini.

Humo humo mna tego jingine, na hili huwanasa hata wenyeji. Kenya ina sheria inayomruhusu aliyekalia ardhi ya mtu kwa miaka 12 waziwazi, bila ruhusa na bila kuondolewa, aende mahakamani aombe iandikwe kwa jina lake. Dalali anaijua sheria hii nusu yake. Atakwambia: "Mzee huyu kakaa hapa miaka 40, ardhi ishakuwa yake, hiyo ni sheria." Halafu mzee, kwa fahari ya mtu mwaminifu, anatoa robota la risiti zilizofungwa kwa mpira, miaka 40 ya kumlipa mwenye shamba bila kukosa. Risiti hizo ndizo zinazomwangusha. Aliyelipa kodi alikaa kwa ruhusa, na aliyekaa kwa ruhusa hawezi kudai kuwa aliikalia bila ruhusa. Jirani yake ambaye hakulipa hata senti, aliyekuwa akimfukuza mkusanya kodi kwa maneno mazito, ndiye mwenye hoja. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi na sijaona namna ya kumweleza mzee wa watu akaelewa, wala namna ya kumwambia kwamba hakukosea. Na kama ardhi ni ya serikali, hata yule mkaidi hana lake. Miaka 12 haihesabiwi juu ya ardhi ya umma.

Kwa nini mambo yakawa hivi? Hapa tutarudi nyuma kidogo, na mgeni mwenye haraka ya kulipa asubiri. Ukanda wa maili kumi wa pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na mkataba wa 1895 ukautia mikononi mwa serikali ya Uingereza uendeshwe kwa jina lake. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi: kila mwenye dai pwani aje mbele ya mwandikishaji, alete ushahidi wake, apewe cheti. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa kuwa ya dola. Waliokuwa na maandishi wakaja na maandishi. Wamijikenda wengi hawakuja, au walikuja na ushahidi usioweza kutiwa kwenye faili: makaburi ya mababu, miembe, na wazee wanaojua nani alifyeka msitu wapi. Mwandikishaji alitaka karatasi. Ndiyo maana mpaka leo upande huu wa bara una watu walio na ardhi wasio na karatasi, na watu walio na karatasi ambao ukiwashusha stendi hawajui washike njia gani. Likoni jambo hilo lilifika mahali serikali ikabidi inunue shamba la Waitiki, ekari 930, ili waliolikalia wapewe hati, na Rais Uhuru Kenyatta akaja kuzigawa Januari 2016. Kisauni ina mashamba yake ya namna hiyo, na kila uchaguzi unapokaribia huahidiwa upya.

Basi baada ya chai, maneno na matembezi, utaonyeshwa karatasi. Haitolewi hivi hivi. Itatoka chini ya godoro au juu ya kabati, ndani ya bahasha ya kaki, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni. Utazame mfuko kwanza. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, kwa hivyo huenda karatasi imekaa humo tangu kabla ya hapo, na ukikosa bahati huo ndio utakuwa ushahidi pekee utakaouona siku hiyo. Kilichomo huwa ni nakala ya nakala. Muhuri umekuwa doa, sahihi imekuwa unywele, na nambari ya kiwanja, ambayo kwa upande huu huanza na herufi MN, ina tarakimu moja ambayo wengine husoma 3 na wengine 8. "Orijino iko kwa wakili." Wakili yuko wapi? "Amesafiri."

Pamoja na nakala hiyo kutakuwa na wapambe. Kuna risiti ya reti za kaunti, inayothibitisha kuwa siku fulani mtu fulani alilipa. Kuna barua ya chifu, inayothibitisha kuwa chifu ana wino. Chifu ni mtu wa kuheshimiwa, lakini hana mamlaka ya kuhamisha hata shubiri moja ya ardhi. Kuna mkataba wa mauziano ulioandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, na mashahidi wanne, wawili wao marehemu. Kuna kadi ya tokeni za stima. Mgeni akiona rundo hudhani ushahidi umekuwa mwingi. Rundo ni rundo tu; karatasi kumi zisizohusu umilki haziongezani zikawa moja inayohusu.

Tuseme una bahati. Orijino ipo, imechapishwa vizuri, muhuri unang'aa, na umeifanyia sachi katika ofisi ya ardhi ukakuta jina ni lile lile. Hapo mnunuzi wa zamani alikuwa akipumua na kuagiza matofali. Wewe usipumue bado, kwa sababu ya kesi iliyoanzia hapo jirani tu, Nyali.

Mwaka 1989 kipande cha ardhi cha ufuoni Nyali kiligawiwa Daniel arap Moi, aliyekuwa Rais wa nchi. Kikauzwa kwa kampuni, na kampuni ile ikakiuza kwa nyingine, Dina Management. Hati zilikuwepo kila hatua, na nani angethubutu kumuuliza mgawiwa wa kwanza alikipata vipi? Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ya Mombasa ikaja ikabomoa ukuta, ikisema hapo ni njia ya umma ya kushukia baharini. Kesi ikapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi Mahakama ya Juu, nayo Aprili 2023 ikaamua kuwa ugawaji wa mwanzo haukufuata utaratibu, kwa hivyo hapakuzaliwa hati halali ya kuuziana, na mnunuzi wa mwisho hakuwa na ngao ya kusema nilinunua kwa nia njema. Tangu hapo kuwa na hati mkononi hakutoshi. Hati huulizwa nasaba: umezaliwa na hati gani, nayo ilizaliwa na ipi, na yule babu wa kwanza alipatikana kwa halali? Muuzaji mwenye hati nzuri anayekasirika ukimuuliza nasaba yake ni muuzaji mwenye hati nzuri tu.

Sasa kuna jamii nyingine ya maneno, nayo ni ya vijana wa maskani. Hawa hawanunui kiwanja, lakini hakuna kesi ya kiwanja wasiyoijua. Wao wana neno lao la Kiingereza, "allegedly", na hulitia mwishoni mwa sentensi kama mtu anayenawa mikono. "Yule jamaa kauza ploti moja kwa watu wanne, allegedly." Hulitia hata kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, jina la mtu likiwa limeandikwa kamili na picha ya lango lake, wakiamini kuwa neno hilo likishatajwa hakuna wakili atakayewagusa.

Hapa mwongozo huu unapaswa kuwaonya na wao, ingawa hawakuuomba. Neno hilo, kama "inadaiwa" ya magazeti yetu, lina kazi ya heshima: linamwambia msomaji kuwa kuna mtu amedai na jambo halijathibitishwa. Mwandishi wa habari akiandika "inadaiwa" nyuma yake huwa kuna mdai anayeonekana, awe polisi, mlalamishi au hati ya mashtaka. Likiwa halina mdai, si kinga. Aliyeeneza kashfa ya mwenzake huibeba kashfa ile sawa na aliyeianzisha. Ni kweli kwamba Februari 2017 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu cha 194 cha Sheria ya Adhabu kilichofanya kukashifu kuwa jinai, na maskani ilishangilia. Lakini madai ya fidia yalibaki pale pale, na sheria ya makosa ya kompyuta ilipopitishwa 2018 iliandika faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili, kwa anayechapisha uongo akijua ni uongo ili kuchafua jina la mtu.

Hata hivyo mgeni wetu asiwapuuze vijana hawa. Kwake yeye "allegedly" ya maskani ina faida kuliko "bila shaka" ya dalali, maadamu ajue kuifungua. Awaulize: nani kadai, kadai wapi, lini? Wakicheka na kubadili mazungumzo, hakuna kitu. Mmoja akijibu kwamba kuna kesi Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na mlalamishi ni shemejiye muuzaji, basi neno la uvivu limegeuka kuwa anwani. Mgeni aende masjala akaulize.

Bora zaidi ni "nasikia". Neno hili huwezi kulipata ukiwa umeandamana na dalali. Nenda peke yako, baada ya magharibi, ukae kwenye baraza la kahawa karibu na kiwanja chenyewe. Amkia vizuri. Usitaje kiwanja, zungumza habari za mpira, za foleni ya Kongowea, za bei ya unga. Kikombe cha tatu mzee mmoja atakuuliza mwenyewe unakaa wapi, nawe useme unafikiria kuhamia huku, labda kwenye ile ploti yenye mwembe. Patakuwa kimya kidogo. Kisha atasema: "Mwanangu, mie simo. Lakini nasikia marehemu alikuwa na wake wawili."

Kwa bei ya kahawa umepewa kazi ya wakili ya mwezi mzima. Wake wawili ni nyumba mbili, nyumba mbili ni warithi wa pande mbili, na aliyekuapia asubuhi ni mtoto wa upande mmoja. Mahakamani maneno ya mzee hayangepokelewa, kwa kuwa ni ya kusikia. Mwenyewe kakwambia hayumo. Lakini wahenga wetu walikuwa na sheria yao ya ushahidi, kwamba lisemwalo lipo na kama halipo laja, na kwa mnunuzi wa kiwanja sheria hiyo inafaa kuliko nyingi zilizochapishwa. Tazama pia alivyolisema. Hakuapa wala hakupaza sauti. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na ukweli wa Mjambere hujulikana kwa kutopenda kutembezwa.

Yabaki maandishi ya ukutani, ambayo mgeni hawezi kuyakosa. KIWANJA HIKI HAKIUZWI, kwa rangi nyekundu, herufi zimeanza kubwa zikamalizikia kubanana kwa kukosa nafasi. Mgeni hudhani ni tangazo la mwenye kiwanja asiyetaka kuuza. Lakini nani huandika kwenye ukuta wake jambo ambalo hafanyi? Mlangoni kwangu sijaandika kwamba mke wangu haozwi. Maandishi yale yanathibitisha mambo mawili kwa uhakika: kuna mtu amejaribu kukiuza, na kuna mwingine amechelewa kujua. Nani kati yao mwenye haki, ukuta hausemi. Ukikuta chini imeandikwa HAKIUZWI, juu yake imepakwa chokaa, na juu ya chokaa pameandikwa KINAUZWA, na nambari za simu ni mbili tofauti, piga picha uondoke. Ikiwa nambari ni moja, ondoka bila kupiga picha.

Kazi halisi, kwa aliyevumilia mpaka hapa, si siri. Sachi ufanye wewe, kwa miguu yako, usiletewe. Savea umtafute wewe, ayaonyeshe mawe ya mipaka yalipo chini ya taka, na akuambie kama tarakimu ile ni 3 au 8. Warithi wote uwaone sura, wa nyumba zote mbili, na amri ya mahakama ya mirathi uisome mwenyewe. Mwenye nyumba, mwenye mti na mwenye ardhi wakae meza moja siku moja. Wakili wako asiwe yule anayemwita dalali kwa jina la utani.

Dalali naye atakudai pesa ya kuonyeshwa, uwe umenunua au hukununua, pamoja na ile chai ambayo ulidhani kakulipia. Mpe. Huo ndio muamala wa pekee utakaoufanya Mjambere ambao hauna karatasi hata moja, na pande zote mbili zakubali kuwa ulifanyika.